Safari ya Kazini Nayo ni Kazi: Kumrejesha Ofisini Mgonjwa Anayeishi Pugu

Miaka michache iliyopita nilimhudumia mama mmoja wa miaka 42, karani wa masijala katika ofisi moja iliyopo katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Baadhi ya maelezo yake nimeyabadilisha ili asitambulike. Alikuwa na maumivu makali ya kiuno yaliyoshuka hadi mguu wa kushoto. Baada ya majuma sita ya dawa na mazoezi ya viungo, hali yake ilikuwa njema. Alitembea bila kuchechemea, aliinama bila kulalamika, na misuli ya mguu ilikuwa imerudiwa na nguvu zake. Nilimuuliza kazi yake ni ya namna gani. Alinieleza kuwa huketi mezani, hupokea majalada, huandika, na huinuka mara kwa mara. Nikaandika kwenye cheti kwamba anaweza kurejea kazini, apewe kazi nyepesi kwa mwezi mmoja.

Siku kumi baadaye alirudi kliniki akijishikilia ukutani. Nilidhani mwajiri ameyapuuza maelekezo yangu, nikamuuliza, "Mama, wamekupa kazi nzito?"

Akatikisa kichwa. "Hapana, daktari. Ofisini wamenipokea vizuri, hata kiti wamenibadilishia. Kazi si tatizo. Tatizo ni kufika."

Ndipo nilipouliza kwa mara ya kwanza swali ambalo ningepaswa kuliuliza kabla ya kuandika cheti: anaishi wapi, na anafikaje kazini? Alikuwa mkazi wa Pugu Kajiungeni. Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa bodaboda, akipita njia yenye mashimo hadi barabara kuu. Hapo alisubiri daladala la Kariakoo, na mara nyingi alisimama njia nzima. Kariakoo alipanda jingine hadi Posta. Alifika ofisini saa moja na dakika ishirini asubuhi. Jioni ilikuwa mbaya zaidi: alitoka ofisini saa tisa na nusu alasiri, akafika nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Kwa siku moja ya kile nilichokiita kazi nyepesi, alikuwa safarini kwa zaidi ya saa tano, sehemu kubwa akiwa amesimama na kutikiswa.

Cheti changu kilikuwa sahihi kuhusu ofisi, lakini kilikuwa kimeisahau barabara. Makala hii inaeleza kwa nini safari ya kwenda na kurudi kazini inapaswa kuhesabiwa tunapoamua kama mgonjwa yuko tayari kurejea ofisini, na nini mtoa huduma, mgonjwa na mwajiri wanaweza kufanya.

Umbali wa Pugu

Katika nchi nyingi mjadala wa kurejea ofisini ulizuka baada ya janga la UVIKO-19, pale wafanyakazi waliokuwa wamezoea kufanyia kazi nyumbani walipoitwa warudi, na wengi wao wakalalamikia safari kuliko kazi yenyewe. Hapa kwetu wafanyakazi wengi hawakuwahi kuondoka ofisini kwa muda mrefu. Anayerejea ofisini mbele ya macho yetu sisi watoa huduma ni mtu aliyekuwa amelazwa, aliyefanyiwa upasuaji, aliyejifungua, au aliyekuwa akiuguza mgongo, moyo au mapafu. Lakini lalamiko lake ni lile lile: safari.

Pugu ipo zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, upande wa kusini-magharibi, katika Wilaya ya Ilala. Barabara inayoelekea huko ndiyo iliyoitwa Barabara ya Pugu kabla ya kupewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye alifundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, hadi mwaka 1955. Zamani hizo Pugu ilikuwa nje kabisa ya mji. Leo ni makazi ya maelfu ya watu ambao kipato chao kipo Kariakoo, Posta, Masaki au Mikocheni. Sensa ya mwaka 2012 iliuhesabia Mkoa wa Dar es Salaam watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Ongezeko hilo la watu milioni moja katika miaka kumi limekwenda kwa wingi pembezoni, mahali ambapo kiwanja bado kinapatikana kwa bei ambayo karani, muuguzi au mlinzi anaimudu: Pugu na Chanika kwa upande wa Ilala, Mbagala na Chamazi kwa upande wa Temeke, Bunju kwa upande wa Kinondoni.

Usafiri umeboreka kwa sehemu. Mabasi yaendayo haraka yalianza mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, na awamu ya tatu ya mradi huo imepangwa kupita Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto. Mwaka huo huo wa 2016 ilianzishwa treni ya abiria kati ya mjini na Pugu. Hata hivyo, kwa mkazi anayeishi ndani, mbali na barabara kuu na stesheni, safari bado ina vipande vitatu au vinne: bodaboda au bajaji, kusubiri, daladala la kwanza, na daladala la pili. Kila kipande kina madhara yake kwa mwili ambao haujapona sawasawa.

Mwili unavyoathirika njiani

Tuanze na mgongo. Pingili za uti wa mgongo zimetenganishwa na diski, ambazo ni kama mito inayopunguza mishtuko. Gari linapopita kwenye barabara mbovu, mtetemo husafiri kutoka kwenye kiti au sakafu hadi kwenye kiuno. Uti wa mgongo wa mtu aliyeketi huitikia zaidi mitetemo ya kasi ya takribani mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na mitetemo ya magari mengi ya abiria imo katika kiwango hicho. Misuli ya kiuno hulazimika kukaza na kulegea bila kupumzika ili kuuzuia mwili usiyumbe. Baada ya saa moja huchoka, na mzigo unabaki kwenye diski na viungio. Anayesimama naye hujipinda kila gari linapofunga breki, mkono mmoja ukiwa juu kwenye bomba na mwingine ukishika mkoba.

Hapa kuna jambo ambalo mgonjwa anapaswa kulielewa vizuri. Tiba ya maumivu ya kawaida ya kiuno siyo kulala kitandani. Tunajua kwamba mgonjwa anayeendelea na shughuli zake kwa kadiri anavyoweza hupona vizuri kuliko anayelala, na kwamba kadiri mtu anavyokaa muda mrefu nje ya kazi ndivyo uwezekano wa kurejea unavyopungua. Kwa hiyo jawabu la tatizo la safari haliwezi kuwa kuongeza miezi ya mapumziko. Jawabu ni kuipunguza au kuibadilisha safari ili kurejea kuwezekane.

Mfano wa pili ni mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa moyo kwa kufunguliwa kifua. Mfupa wa kidari uliokatwa huhitaji takribani majuma 6 hadi 12 kuunga. Katika kipindi hicho tunamwonya asivute, asisukume wala asinyanyue kitu kizito. Mgonjwa huyatii maonyo hayo nyumbani kwa uaminifu mkubwa. Hata ndoo ya maji hainyanyui. Kisha anarejea kazini na kuning'inia kwenye bomba la daladala kwa mkono mmoja kwa saa mbili, huku uzito wote wa mwili wake ukivuta kifua kila dereva anapokanyaga breki. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji yumo katika hatari inayofanana na hiyo kwenye misuli ya tumbo: kugombania mlango wa gari ni kusukuma, na kupanda bodaboda kwenye mashimo ni kutikisa kidonda.

Kukaa muda mrefu bila kuinyoosha miguu kuna hatari nyingine. Safari inayozidi saa nne mfululizo huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mzima mwenye afya uwezekano huo ni mdogo, lakini ni mkubwa zaidi kwa aliyefanyiwa upasuaji au aliyejifungua ndani ya majuma sita yaliyopita. Safari ya Pugu kwa kawaida haifikii saa nne kwa mkupuo mmoja, lakini siku ya mvua, msongamano unapokwama, huweza kukaribia. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, mgonjwa asisubiri kesho. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

La mwisho ni usingizi. Mtu mzima anahitaji walau saa 7 za usingizi kwa usiku. Anayeamka saa kumi alfajiri anapaswa awe amelala saa tatu usiku, wakati ambapo wakazi wengi wa Pugu ndiyo kwanza wanakula chakula cha jioni. Upungufu wa usingizi unaojirudia hupandisha shinikizo la damu, huongeza hamu ya kula, huzidisha maumivu, na kwa mwenye kifafa unaweza kuleta degedege. Kwa aliyepata kiharusi, ambaye uchovu mkubwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, saa mbili za usingizi zilizopotea zinaweza kuiharibu siku nzima.

Dawa zinazoachwa kwa sababu ya safari

Kuna madhara ya safari ambayo hayaonekani kwenye gari bali kwenye kipimo cha shinikizo la damu. Wagonjwa wengi wenye shinikizo la juu la damu au moyo uliodhoofika hupewa dawa za kuongeza mkojo. Mgonjwa anayejua kwamba hakutakuwa na choo kuanzia Pugu hadi Kariakoo hufanya uamuzi ambao mtu yeyote mwenye akili angeufanya: siku za kazi haimezi. Humeza Jumamosi na Jumapili. Akija kliniki, anaulizwa kama anatumia dawa, anajibu ndiyo, na daktari anapoona shinikizo halishuki anamwongezea dawa nyingine. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba sasa siongezi dawa kabla sijauliza, "Siku za kazi unaimeza saa ngapi?"

Suluhisho mara nyingi ni rahisi. Furosemaidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix, huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na nguvu yake huisha baada ya takribani saa sita. Mgonjwa anayeimeza kwa siku mara moja anaweza, kwa kukubaliana na daktari wake, kuimeza baada ya kufika ofisini ambako choo kipo, badala ya nyumbani alfajiri. Kwa dawa nyingine za shinikizo, saa ya kumeza haina uzito mkubwa kama tulivyowahi kudhani. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022, uliohusisha zaidi ya watu 21,000, ulionyesha kuwa kumeza dawa asubuhi au jioni hakukuleta tofauti katika kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, wala katika vifo vitokanavyo na magonjwa hayo. Kilicho muhimu ni kumeza kila siku.

Wapo pia wasiotumia dawa hizo lakini huacha kunywa maji tangu jioni ili wasibanwe na mkojo njiani. Katika joto la Dar es Salaam hilo huleta kizunguzungu, huchangia mawe ya figo na maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa mjamzito ni hatari zaidi.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini ana mtego wake. Insulini iliyochanganywa huchomwa takribani nusu saa kabla ya kula. Anayejichoma saa kumi na nusu alfajiri kwa sababu hawezi kujichoma ndani ya gari, kisha akala saa mbili asubuhi ofisini, anaweza kuishiwa sukari mwilini akiwa bado safarini. Hutetemeka, hutokwa jasho, huongea maneno yasiyoeleweka, na abiria wenzake au kondakta humdhania mlevi. Mgonjwa huyo anapaswa kula mara baada ya kujichoma, au kubadilishiwa mpango wa dawa. Kila siku awe na kitu cha sukari mfukoni. Dalili zikianza, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida, ndiyo huduma ya kwanza. Kisha ale chakula. Ikiwa dozi zake ni mbili kwa siku na zote huchomwa nyumbani, aiache chupa nyumbani. Chupa iliyokwisha kufunguliwa hudumu takribani majuma manne mahali pasipozidi nyuzi joto 30, na ndani ya daladala la mchana wa Januari joto huzidi hapo kwa urahisi.

Mama anayenyonyesha na saa kumi na tano

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Siku 84 ni majuma 12. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Pengo la karibu miezi mitatu limebaki, na sheria hiyo imejaribu kulipunguza kwa kumtaka mwajiri ampe mama hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kumnyonyesha mtoto.

Kwa mama ambaye mtoto wake yupo jirani na ofisi, saa hizo mbili ni neema. Kwa mama wa Pugu anayefanya kazi Posta, hazitoshi hata kufika Gongo la Mboto na kurudi. Akiondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, mtoto amekaa saa 15 bila mama yake. Ndiyo maana watoto wengi wa pembezoni mwa jiji huanzishiwa uji au maziwa ya ng'ombe katika juma ambalo mama anarudi kazini. Hili hutokea bila uzembe wowote wa mama.

Yapo mambo mawili yanayosaidia. La kwanza ni kukubaliana na mwajiri kwamba saa hizo mbili zitumike mwisho wa siku, ili mama atoke mapema kabla msongamano haujawa mkubwa. Saa mbili za kutoka mapema huweza kumwokolea saa tatu za kuwa mbali na mtoto. La pili ni kukamua maziwa. Maziwa yaliyokamuliwa hudumu hadi saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25, saa 24 katika mfuko wa kutunza baridi wenye barafu, na siku nne katika jokofu. Kwa kuwa chumba cha kawaida Dar es Salaam huwa na joto kuliko nyuzi 25, mama asitegemee meza. Atumie barafu au jokofu. Mwajiri anachotakiwa kutoa ni kidogo: chumba chenye mlango unaofungika, na nafasi katika jokofu. Mama akikamua mara mbili au tatu akiwa kazini, maziwa hayakauki, na mtoto ana chakula cha kesho yake.

Abiria wenzake nao

Mgonjwa wa kifua kikuu anahitaji mazungumzo ya pekee. Hata kama ofisi yake ina madirisha makubwa na watu watatu tu, daladala lina watu waliobanana na madirisha yanayofungwa mvua inaponyesha. Kwa kifua kikuu cha kawaida kisicho sugu kwa dawa, mgonjwa anayemeza dawa ipasavyo na anayeendelea vizuri kwa kawaida huweza kurejea miongoni mwa watu baada ya takribani majuma mawili ya tiba, kwa ushauri wa kliniki yake. Aelezwe waziwazi kwamba siku ya kurejea inahesabiwa kuanzia kituo cha daladala, siyo kuanzia mlango wa ofisi. Mwenye pumu naye asiondoke bila dawa yake ya kuvuta. Moshi wa magari kwenye foleni ya Tazara unaweza kuamsha kifua kilichokuwa kimetulia kwa juma zima.

Maswali sita kabla ya kuandika cheti

Mtoa huduma mwenzangu, najua foleni iliyopo nje ya mlango wako. Maswali haya hayazidi dakika tatu:

1. Unaishi wapi, na unatoka nyumbani saa ngapi?
2. Unapanda vyombo vingapi hadi kufika, na unatembea umbali gani?
3. Huwa unapata kiti, au unasimama? Unasimama kwa muda gani?
4. Dawa zako unazimeza saa ngapi siku za kazi, na saa ngapi siku za mapumziko?
5. Ukibanwa na haja, ukisikia kizunguzungu au maumivu njiani, unafanyaje?
6. Unafika nyumbani saa ngapi, na unalala saa ngapi?

Majibu yakionyesha kuwa safari ni nzito kuliko kazi, andika hivyo. Badala ya maneno mawili "kazi nyepesi", ambayo kila mwajiri huyatafsiri anavyopenda, eleza jambo linaloweza kutekelezwa: aingie saa tatu asubuhi na kutoka saa nane mchana kwa majuma mawili, afike ofisini siku tatu kwa juma na siku mbili afanyie kazi nyumbani, ahamishiwe kwa muda tawi lililo karibu na makazi yake, asisimame katika chombo cha usafiri zaidi ya nusu saa. Weka tarehe ya kuanza, tarehe ya kumwona tena, na tarehe unayotarajia arejee katika ratiba ya kawaida. Mwajiri huogopa ruhusa isiyo na mwisho, lakini huweza kupanga mambo yake akiona tarehe. Ugonjwa wenyewe usiuandike kwenye barua ya mwajiri bila ridhaa ya mgonjwa. Vizuizi vya mwili vinatosha.

Wapo watakaosema kwamba kazi za ofisi za hapa kwetu haziwezi kufanyiwa nyumbani. Nyingi haziwezi, ni kweli. Lakini mwishoni mwa Januari 2025, jiji lilipopokea mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kuhusu nishati, watumishi wa umma walielekezwa kufanyia kazi nyumbani kwa siku mbili ili kupunguza msongamano barabarani. Kama iliwezekana kwa ajili ya misafara ya wageni, inafaa kufikiriwa kwa mgonjwa mmoja kwa majuma machache.

Sheria inampa nini mgonjwa

Sheria hiyo ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kufikiria kumwachisha kazi mgonjwa, atafute njia mbadala, ikiwa ni pamoja na kuyarekebisha majukumu yake. Watumishi wa umma wana taratibu zao pia, ambazo afisa utumishi anaweza kuzieleza.

Mgonjwa aelewe hesabu iliyomo humo. Anayerejea kabla hajawa tayari, akaanguka tena, anazila siku zake kwa mafungu, na anaweza kufika kwenye nusu mshahara wakati bado hajapona. Kurejea polepole, kwa mpango ulioandikwa, huzitunza siku hizo.

Kwako mgonjwa

Usione haya kumweleza daktari habari za safari. Wagonjwa wengi hudhani kwamba ni malalamiko ya maisha yasiyohusu hospitali. Yanahusu. Kabla ya siku ya kurejea, fanya safari ya majaribio katika saa zile zile za kazi, ukiwa na mtu wa kukusaidia, uone mwili unasemaje. Kama saa za treni zinalingana na kazi yako na stesheni ipo karibu, ijaribu. Mtikisiko wake ni mdogo kuliko wa daladala kwenye foleni. Wengi wenu mnageuza na gari, yaani mnapanda likiwa linaelekea mwisho wa njia ili mpate kiti linaporudi. Ni gharama ya ziada, lakini katika majuma ya kwanza baada ya upasuaji nauli hiyo ya pili ni sehemu ya matibabu. Ukiwa na mgongo unaouma, shuka bodaboda mahali penye mashimo na utembee. Kutembea kunausaidia mgongo. Ukipata ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia mkojo au choo, mguu ukiishiwa nguvu, au ukipata homa pamoja na maumivu ya mgongo, nenda hospitali bila kuchelewa.

Na sisi abiria wengine tukumbuke kwamba ugonjwa hauonekani daima. Kijana aliyeomba kiti huenda ana kidonda chini ya shati.

Mama wa masijala nilimwandikia cheti cha pili. Kiliomba kwamba kwa majuma manne aingie saa tatu na nusu asubuhi, baada ya wimbi la kwanza la abiria kupita, na atoke saa tisa na nusu kama kawaida. Na kwamba Jumatano abaki nyumbani akiandika orodha za majalada. Mwajiri alikubali. Maumivu hayakuisha kwa siku moja, na hadi leo siku za mvua kubwa humrudia. Lakini hakukosa kazi tena kwa miezi yote niliyoendelea kumwona, na dawa za maumivu alizipunguza mwenyewe. Sikumwongezea dawa yoyote. Nilichobadilisha ni saa yake ya kupanda daladala.